Vijana Wanne Katika Shule ya Ugenini

Somo: Danieli 1:1-20

 

Shule zimefungwa. Wanafunzi wamerudi nyumbani, na wale wa S.4 wamemaliza mtihani wa taifa na wanangojea matokeo. Toka sasa mpaka Februari watakuwa mikononi mwetu. Sote hapa Nakivale tunaujua msimu huu. Ni msimu ambao kijana anashinda senta akitazama mpira na kucheza kamari. Ni msimu ambao wageni wanaanza kufika kwa mzazi wa binti kuulizia mahari. Kwa hiyo mwezi huu tumeona vema tuseme juu ya kuwafundisha vijana uongozi na stadi za maisha, na juu ya kazi ya kanisa katika jambo hilo.

Tufungue Danieli sura ya kwanza. Danieli na wenzake watatu hawakukimbia kama sisi, walichukuliwa mateka. Lakini mambo mengine ya habari yao tunayafahamu bila kufundishwa. Walijikuta katika nchi ya watu, wakasoma kwa lugha isiyo ya mama zao, wakaitwa majina mapya, na chakula chao kilipangwa na mtu mwingine. Walipewa masomo ya miaka mitatu (mstari wa 5). Basi hao walikuwa wanafunzi wa ugenini kama watoto wetu. Tuangalie mambo matatu waliyokuwa nayo.

La kwanza, Danieli aliamua moyoni mapema (mstari wa 8). Hakungoja sahani ifike mezani ndipo aanze kufikiri. Kijana anayeamua leo kwamba hatacheza kamari ana nguvu kuliko yule atakayefikiri juu yake akiwa tayari na shilingi mkononi katikati ya marafiki.

La pili, Danieli alijua kusema na wakubwa. Mkuu wa matowashi alipoonyesha hofu, Danieli hakupiga kelele, wala hakununa. Alimwendea msimamizi na kumwomba jaribio la siku kumi, mtama na maji, halafu atazame nyuso zao na kuamua mwenyewe (mistari 11-13). Aliomba kwa heshima, akaweka muda, akaweka na kipimo. Huo ni ufundi mkubwa.

La tatu, hakuwa peke yake. Walikuwa wanne. Kijana mmoja akisimama peke yake senta huchekwa, lakini wanne wakisimama pamoja huogopwa.

Katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani liliorodhesha stadi kumi za maisha. Ndani yake mna kufanya uamuzi, kutatua matatizo, kuzungumza vizuri, kujitambua, kuwahurumia wengine, kustahimili hasira na msongo. Tukisoma Danieli 1 tunaziona nyingi za stadi hizo kwa vijana wanne. Na zamani babu na bibi zetu walizifundisha jioni kando ya moto. Vita ilitutawanya, na wengi wa watoto wetu hawakukaa kwenye moto ule.

Tunayashukuru mashirika yanayoleta semina. Kijana anakaa siku tatu, anapata soda, fulana na cheti. Ni vizuri. Lakini hakuna mtu aliyejifunza kuogelea akiwa amekaa kwenye benchi. Hata serikali ya Uganda imeliona jambo hili: mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioanza mwaka 2020, unataka mwanafunzi afanye miradi, ashirikiane na wenzake na ajue kujieleza, asikariri tu. Shule imeanza kubadilika. Je, kanisa?

Wapendwa, tuambiane ukweli. Sisi kanisani tunawapa vijana kazi gani? Wabebe mabenchi. Wachote maji ya wageni. Waimbe. Ikifika saa ya kuhesabu sadaka na kupanga mambo, tunawaambia watoke nje, kisha Jumapili tunasimama na kusema vijana ni viongozi wa kesho. Kesho hiyo ni lini? Makazi haya yana umri wa zaidi ya miaka 60. Wako waliozaliwa ndani yake ambao sasa wana watoto, na bado wanaitwa viongozi wa kesho. Danieli alikuwa kijana alipoombwa asimame, naye alisimama siku ile ile.

Tunajua hofu ya wazee. Wazee wanasema, “Mtoto hawezi kushika pesa ya Mungu.” Hofu hiyo hatuidharau. Hata mkuu wa matowashi aliogopa, maana kichwa chake kilikuwa hatarini (mstari wa 10). Mtu mwenye dhamana ana haki ya kuogopa. Lakini dawa ya hofu ile ilikuwa jaribio dogo lenye muda na kipimo. Na Bwana Yesu alifundisha kwamba mwaminifu katika dogo ni mwaminifu na katika kubwa (Luka 16:10). Sasa mtu ataonaje uaminifu wa kijana ambaye hajakabidhiwa hata hilo dogo?

Kwa hiyo tunaliweka ombi letu mbele ya baraza la wazee litakalokaa Januari. Tunaomba kipande cha shamba la kanisa kilicho nyuma ya jengo kipewe wanafunzi wa sekondari kwa msimu mmoja. Walime Januari na Februari, wapande maharagwe mvua ya Machi ikianza, wapalilie Jumamosi. Wachague wenyewe mwenyekiti, katibu na mweka hazina, na mmoja wa hao watatu awe binti. Mzee mmoja akae nao kama mshauri, si kama bwana shamba. Kila mwisho wa mwezi katibu asome hesabu mbele ya kanisa lote, kilichoingia na kilichotoka. Mavuno yakiuzwa, pesa isaidie karo ya wale walioshindwa kurudi shuleni. Msimu ukiisha, wazee watazame nyuso zao na kuamua.

Jambo hili si geni kwa wakimbizi. Kule Kyangwali, mwaka 2005, vijana wakimbizi walianzisha chama kinachoitwa COBURWAS. Ndani ya jina hilo mna Kongo, Burundi, Rwanda na Sudan, watu ambao wengine wangetegemea wachukiane. Hawakungoja wakue. Walianza kwa kusaidia wadogo zao wasome, na kazi hiyo imewapeleka vijana wengi wa makazi yale mpaka vyuo vikuu.

Neno kwa wazazi wa mabinti. Shule za Uganda zilifungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona na hazikufunguliwa zote mpaka Januari 2022. Tuliona mabinti wangapi hawakurudi. Katiba ya Uganda inasema ndoa ni miaka 18. Mahari inayokuja leo inaliwa na kuisha, lakini binti aliyejifunza kusema “hapana” kwa adabu na “ndiyo” kwa akili ni baraka kwa nyumba miaka yote. Tusimnyime binti kiti kwenye kamati halafu tukashangaa kwamba hajui kujitetea.

Nanyi vijana, msifikiri uongozi ni kushika maikrofoni. Danieli aliomba kula mtama. Anayetaka kuongoza wenzake aanze kwa jembe, kwa kufika mapema, na kwa daftari la hesabu lisilofutwafutwa. Mkipewa shamba hili na mkaliharibu, mtawafungia mlango wadogo zenu. Mkilitunza, mtawafungulia. Chagueni marafiki watatu, muwe wanne, muombe pamoja na mkosoane bila kugombana. Maarifa Mungu ndiye anayetoa (mstari wa 17), lakini vijana wale walisoma miaka yote mitatu.

Tuombe. Ee Mungu wa Danieli, uliyewakumbuka watoto wa Yuda katika nchi ya watu, wakumbuke na watoto wetu. Wape wazee wetu moyo wa kukabidhi, wape vijana wetu moyo wa kutunza. Ugeni usitufanye tukaishi kwa kungoja tu. Katika jina la Yesu, Amina.

Neema ya Bwana iwe nanyi nyote.