Kujaribu Ndege na Kumjaribu Mungu

Dominika ya tarehe 8 Julai 2018 ndege kubwa ya abiria aina ya Boeing 787-8, yenye viti 262, ilitua Dar es Salaam ikiwa mali ya taifa letu, nayo ikapokewa na Rais wa siku zile, marehemu John Pombe Magufuli. Habari zake zilifika hata huku Kishapu, ambako watu walio wengi hawajapata kupanda ndege hata mara moja. Zilizungumzwa minadani, visimani, na nje ya kanisa baada ya Misa. Na wazungumzaji waligawanyika makundi mawili.

Wa kwanza walishangilia. Walikumbuka kwamba shirika la East African Airways lilivunjika mwaka wa 1977, na kwamba shirika letu wenyewe, lililozaliwa mwaka huohuo, lilikuwa limedhoofika mno. Nchi isiyo na ndege zake, walisema, ni kama mtu mzima asafiriye siku zote kwa baiskeli ya kuazima. Wa pili walinung'unika. Waliuliza ndege moja ni zahanati ngapi, ni madawati mangapi, na mama mjamzito wa kijijini ataipanda lini. Kila kundi lilikuwa na haki fulani katika maneno yake, wala hatukusudii kuamua shauri lao leo. Twataka kuleta swali jingine, linalomhusu kila mtu atengenezaye kitu ambacho mwenziwe atakitegemea kwa uhai wake. Swali lenyewe ni hili: mwenye kutengeneza ana wajibu gani kabla hajamwambia mwenziwe, "Panda, usiogope"?

Tuanze na ndege ya aina hiyohiyo. Miaka kumi na mmoja kamili kabla ya siku ile ya Dar es Salaam, yaani tarehe 8 Julai 2007, ambayo nayo ilikuwa Dominika, ndege ya kwanza ya aina hiyo ilitolewa nje ya karakana huko Everett, Marekani, mbele ya maelfu ya watu. Ilikuwa imepakwa rangi nzuri, na watu waliipigia makofi. Lakini ndani ilikuwa karibu tupu. Mitambo mingi haikuwa imefungwa bado, na sehemu kadhaa za mwili wake zilishikizwa kwa vifungio vya muda tu. Wakubwa wa kampuni walitumaini itaruka baada ya miezi michache. Iliruka tarehe 15 Desemba 2009, yaani baada ya miaka miwili na zaidi. Muda huo wote mafundi walikuwa wakifanya kazi ambayo hakuna aipigiaye makofi: kufungua, kupima, kurekebisha na kupima tena. Hata baadaye, mwezi wa Januari 2013, betri za ndege hizo zilipopata moto, zote zilizuiwa kuruka duniani kote kwa muda wa miezi mitatu hivi.

Tena, jaribio la ndege si kuirusha tu na kuona kama itarudi. Mwaka wa 2010 mabawa ya ndege ya aina hiyo yalivutwa juu kwa mashine mpaka yakapinda zaidi ya mita saba, kwa nguvu iliyo mara moja na nusu ya ile kubwa kabisa inayotazamiwa angani. Ndege ya Airbus A380, iliyo kubwa kuliko hiyo na yenye sakafu mbili za abiria, ilijaribiwa mwaka wa 2006 huko Hamburg kwa kujazwa watu 853 pamoja na wahudumu wao. Walikaa gizani, nusu ya milango ikiwa imezuiwa, kisha wakaamriwa kutoka. Sheria iliwapa sekunde 90. Walitoka kwa sekunde 78. Mwaka huohuo bawa la A380 lililokuwa likijaribiwa karakanani lilivunjika kidogo tu kabla ya kufikia kiwango kilichotakiwa. Mafundi hawakusema, "Limekaribia, yatosha." Waliliongezea nguvu.

Na ndege hiyo ya A380 iliporuka mara ya kwanza huko Toulouse, tarehe 27 Aprili 2005, ilichukua watu sita tu, nao walikuwa wamevaa miavuli ya kurukia. Abiria hakuwako hata mmoja. Tuliangalie jambo hilo vema, maana ndani yake mna fundisho. Wale wanaoijua hatari ndio wanaotangulia kuingia humo; na wale wasioijua huachwa chini, salama, mpaka neno lijulikane. Huo ni upendo wa jirani, ingawa hautajwi kwa jina hilo katika vitabu vya wahandisi.

Wako watakaosema kwamba hayo ni mambo ya Wazungu na viwanda vyao. Sivyo. Afrika Mashariki imo katika habari hizi tangu mwanzo. Ndege ya kwanza ya jeti kuchukua abiria kwa safari za kawaida duniani, Comet ya Waingereza, ilipoondoka London kwenda Johannesburg tarehe 2 Mei 1952, ilipita Entebbe, Uganda. Ilisifiwa kila mahali. Tarehe 10 Januari 1954 mojawapo ilivunjika angani karibu na kisiwa cha Elba, Italia, watu wote 35 wakafa. Comet zikasimamishwa. Sababu haikuonekana, hata hivyo, mwezi wa Machi zikaruhusiwa kuruka tena, na tarehe 8 Aprili nyingine ikaanguka karibu na Napoli na watu 21. Hapo ndipo wataalamu wa Uingereza walipoutia mwili mzima wa ndege ndani ya tangi la maji, wakausukuma kwa nguvu ya maji mara maelfu, mpaka bati lake likachoka na kupasuka. Siri ikafichuka, na ndege za baadaye zikatengenezwa kwa elimu hiyo. Comet za namna mpya zilitumiwa na East African Airways yetu kuanzia mwaka wa 1960.

Watengenezaji wa Comet ya kwanza hawakujua namna bati linavyochoka, na asiyejua, akiisha kutafuta kwa bidii, hahukumiwi sawa na afichaye. Lakini wale watu 21 wa mwezi wa Aprili twawaona kwa macho mengine. Walipanda ndege ambayo kila mkubwa alijua kwamba sababu ya ajali yake ya kwanza haijapatikana.

Miaka zaidi ya sitini baadaye jambo lilo hilo lilirudi karibu na kwetu zaidi. Tarehe 29 Oktoba 2018 ndege aina ya Boeing 737 MAX ilianguka baharini huko Indonesia na watu 189. Nyingine zikaendelea kuruka. Tarehe 10 Machi 2019 ndege ya aina hiyo, ya shirika la Ethiopia, iliyotoka Addis Ababa kwenda Nairobi, ilianguka na watu 157. Kenya ilipoteza watu wengi kuliko taifa lingine lolote. Ikajulikana kwamba ndani ya ndege hizo mlikuwa na mtambo uliosukuma pua ya ndege chini wenyewe, ambao marubani hawakuwa wameelezwa habari zake ipasavyo. Mwezi wa Januari 2021 kampuni ilikubali kulipa zaidi ya dola bilioni 2.5 katika shauri la kuwadanganya wakaguzi wa serikali ya Marekani. Hapa amri mbili za Mungu zilivunjwa pamoja. Anayeficha ukweli juu ya kitu kinachobeba roho za watu haivunji amri ya nane peke yake. Ameugusa mlango wa amri ya tano.

Lugha yetu ina neno moja, kujaribu, lenye sura mbili. Fundi huijaribu kazi yake. Na mwanadamu mwenye kiburi humjaribu Mungu. Tunasoma katika Injili jinsi Ibilisi alivyomweka Bwana wetu juu ya kinara cha hekalu, akamshauri ajitupe chini, kwa kuwa malaika wangemdaka. Bwana alikataa, akasema kwamba haifai kumjaribu Mungu. Basi twasema hivi: asiyeijaribu kazi ya mikono yake humjaribu Mungu. Huacha wajibu aliopewa yeye, kisha hudai muujiza uuzibe uvivu wake. Na mara nyingi hajitupi mwenyewe kutoka kinarani, huwatupa wengine.

Kanisa huvibariki vyombo vya safari. Mwaka wa 1920 Baba Mtakatifu Benedikto XV alimtangaza Bikira Maria wa Loreto kuwa msimamizi wa warukao angani, na twafanya vema kumwomba. Lakini baraka ya padre haikazi nati iliyolegea. Neema haiondoi maumbile, huyakamilisha. Na akili ya kupima na kuchunguza ni sehemu ya maumbile tuliyopewa na Muumba.

Sasa turudi nyumbani. Tarehe 7 Novemba 2022, siku moja tu baada ya ndege ya abiria kuanguka ziwani Bukoba na kuua watu 19, ukingo wa bwawa la tope la mgodi wa almasi wa Mwadui, wilayani Kishapu, ulipasuka. Tope likatiririka kwenye makazi na mashamba ya wanakijiji. Hatutaji jambo hili ili kumhukumu mtu. Twalitaja kwa sababu wale walioamka na kuona shamba limefunikwa hawakuwa wamepanda ndege yoyote. Hawakukata tikiti. Walikuwa wanaishi tu chini ya kitu kikubwa kilichojengwa na wengine. Yeye ajengaye kitu kikubwa anadaiwa ukweli hata na wale ambao hatawaona kamwe.

Wala jambo hili si la wakubwa peke yao. Mwenye duara la dhahabu huko Geita, amshushaye kijana shimoni kabla ya kukagua matimba, amefanya kama aliyerudisha Comet angani kabla ya wakati. Ndivyo alivyo dereva wa basi ajuaye breki ni mbovu naye ajaza abiria, na muuza dawa auzaye kidonge kilichokwisha muda wake, na fundi mwashi apunguzaye saruji katika nguzo ya darasa la watoto. Hao wote watasema, "Mungu atasaidia." Wamelitaja jina takatifu mahali ambapo walipaswa kutaja nyundo, kipimo au nondo.

Twajua wengine watatujibu: majaribio ni gharama, na maskini hana gharama hizo, tukisubiri kila kitu kiwe kamili hatutafanya kitu. Jibu hili lina uzito, wala hatulidharau. Hakuna chombo kisicho na hatari hata kidogo, na mtu aogopaye kila kitu hatalima wala hataoa. Fadhila ya busara haitudai ukamilifu. Inatudai tusimwambie mwenziwe kwamba tumepima hali hatujapima, na hatari iliyobaki aijue yule atakayeibeba, ili achague kwa hiari yake. Hilo halihitaji fedha nyingi. Lahitaji moyo mnyofu. Tena umaskini si ruhusa ya kuwafanya maskini kuwa chombo cha majaribio.

Kwa hiyo, ndugu wasomaji, chombo kipya kikija nchini mwetu, kiwe ndege, reli, bwawa au daraja, tusione haya kushangilia. Furaha ya taifa ni jambo jema. Lakini baada ya shangwe tuulize bila hasira: nani aliyekijaribu, alikuta nini, na je, alisema yote aliyoyakuta? Wazazi nao wawafundishe watoto swali hilohilo tangu utoto, kuanzia kwa kamba ya kisima na ngazi ya ghalani. Mtoto aliyezoea kuikagua kamba kabla ya kumpa mdogo wake, huyo twaweza siku moja kumkabidhi ndege.