Mchanga wa Matema ni mali ya nani?

Julai, mwera ukivuma kutoka kusini, wimbi linalofika Matema limepita sehemu kubwa ya Ziwa Nyasa, ziwa lenye urefu wa zaidi ya kilometa 550. Linachota mchanga hapa na kuulundika pale, na kukipambazuka wavuvi wanakuta ukingo umehama kutoka pale walipoanika dagaa wa usipa jana. Mashariki, Milima ya Livingstone imeshuka wima mpaka majini. Magharibi ni tambarare ya Kyela, nchi ya mpunga na kakao, iliyojengwa na udongo wa mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo. Kati ya mlima na tambarare ndipo ulipo mchanga ambao watu wa Tukuyu na Mbeya huufuata sikukuu zikifika, na wageni wa Ulaya huufuata wakati wa majira yao ya joto, ambayo Kyela ni kiangazi cha upepo.

Tangu barabara ya Kikusya, Ipinda hadi Matema, kilometa 39 hivi, ilipowekwa lami, safari iliyokuwa ya kutwa na matope imekuwa nyepesi. Na barabara ikishakuwa nyepesi, kiwanja cha kando ya maji hupata macho mengi. Ndiyo maana swali la zamani sana, ambalo wanasheria wa Roma, wazee wa Unyakyusa na Julius Nyerere wote walilishika kwa namna yao, sasa lina haraka: mchanga huu unaweza kuwa wa mtu?

Warumi walijibu mapema. Katika kitabu cha sheria alichokitoa Kaisari Justiniano mwaka 533, vitu vinne vinatajwa kuwa ni vya watu wote kwa asili: hewa, maji yatiririkayo, bahari, na kwa sababu ya bahari, ufukwe wake. Ufukwe unahesabiwa mpaka pale linapofika wimbi kubwa kuliko yote ya majira ya baridi. Mvuvi ana ruhusa ya kujenga kibanda cha kujikinga, kuvuta nyavu na kuzianika. Mwanasheria Marcianus aliongeza jambo zuri zaidi: anayejenga ufukweni ni mwenye mahali pale kwa muda wote jengo linaposimama, likianguka, mahali hapo panarudi kuwa pa wote. Mtu aliyekulia Matema angeielewa sheria hiyo bila wakili, kwa kuwa ndivyo vichanja vya dagaa na vibanda vya makuti vinavyoishi. Leo vipo, masika yakipita havipo, na hakuna anayeshtaki.

Wazee wa upande huu wa ziwa waliliweka jambo hilo mikononi mwa Mungu. Kando ya maji, upande wa kijiji cha Ikombe, lipo pango liitwalo Pali Kyala. Monica Wilson, aliyeandika kuhusu matambiko ya Wanyakyusa katika kitabu chake cha 1959, anaeleza kwamba Kyala alisimuliwa kuwa mmoja wa mashujaa wa kale, na kwamba pango lile lilikuwa mahali pa sadaka. Wamisionari wa Berlin na wa Moravian walioingia nchi hii mwaka 1891 walilikuta jina hilo, nalo likawa jina la Mungu katika makanisa ya Kinyakyusa hadi leo. Jumapili, mkristo wa Matema anamwomba Kyala aliyeumba mbingu na nchi zote. Milima inayoonekana kupitia dirisha la kanisa ndiyo hiyo hiyo yenye pango lake.

Hapa pana ugumu wa kweli wa kiimani, na haufai kurukwa. Ikiwa dunia yote ni ya Mungu, kama inavyofundisha Zaburi ya 24, pango moja linawezaje kuwa lake kuliko kilima cha jirani? Na ikiwa yote ni yake, je, hilo linamfungulia kila mtu mlango wa kuchukua apendavyo, kwa kuwa mwenyewe hayupo kuuliza? Wapo wanaoishi kana kwamba ndivyo. Lakini desturi ya mahali patakatifu ilisema kinyume. Msitu wa tambiko haukukatwa kuni. Hakuna aliyepaingia bila wenye dhamana. Kusema mahali ni pa Mungu kulikuwa njia ya kuizuia mikono yote, ya mkubwa na ya mdogo, na mahali hapo pakabaki. Sura ya 25 ya Mambo ya Walawi inakwenda njia hiyo hiyo: ardhi isiuzwe moja kwa moja, kwa sababu wanaoikaa ni wageni na wapitaji. Waislamu nao wanayo hadithi ya Mtume inayowashirikisha watu katika maji, malisho na moto. Mafundisho hayo matatu hayakutoka kinywa kimoja, ila yote yanamnyima mtu neno la mwisho juu ya kitu ambacho hakukitengeneza.

Nyerere alilileta wazo hilo kwenye siasa. Mwaka 1958, akipinga mpango wa serikali ya kikoloni wa kuwapa watu hatimiliki za kudumu, aliandika makala iliyoitwa Mali ya Taifa. Hoja yake ilikuwa rahisi kuitamka na ngumu kuitekeleza. Ardhi ni zawadi ya Mungu kwa viumbe wake, na mtu huikuta tu anapozaliwa. Kilicho chake ni jasho lake: akifyeka pori, anamiliki ile kazi ya kufyeka na faida yake maadamu anaitumia, wala hamiliki ardhi yenyewe. Mwingereza John Locke, karne mbili na nusu kabla yake, alianza na jasho hilo hilo akafika kwingine: kwake, jasho likichanganyika na ardhi, ardhi nayo inakuwa ya mtu, mradi wengine wabakiziwe ya kutosha na nzuri vilevile. Matema inaonyesha udhaifu wa sharti hilo la Locke. Ufukwe wa mchanga kati ya mlima na mto ni mmoja. Akishauchukua mmoja, wa kuwabakizia wengine unatoka wapi?

Hoja ya Nyerere inaweza kupimwa Jumamosi yoyote katika soko la vyungu la Lyulilo, mwendo mfupi kwa miguu kutoka Matema. Wanawake wa Kikisi wa Ikombe huleta vyungu vyao kwa mitumbwi, vimepangwa mdomo juu na kutengwa kwa nyasi visigongane. Kwao mlima umebana ukingo wa maji kiasi kwamba mashamba ni haba, hivyo tangu zamani walibadilishana vyungu kwa chakula cha Wanyakyusa. Ukikishika chungu kimoja utashangaa wembamba wake. Kimefinyangwa kwa mkono, kikakwanguliwa kingali kibichi, kikalainishwa kwa kokoto mpaka tumbo likang'aa, kisha kikachomwa kwa nyasi na kuni nje, pasipo tanuri. Vidole vimeacha mstari hafifu chini ya shingo. Mteja anapiga kwa ukucha asikilize kama kina ufa, anauliza bei, wanapatana, na "ndaga fijo", asante sana ya Kinyakyusa, inasikika pande zote mbili.

Hakuna anayetilia shaka kwamba chungu ni cha mama aliyekifinyanga. Udongo je? Ulikuwapo kabla yake, na wanawe watauchimba baada yake. Angeuwekea uzio na kuwatoza jirani zake wote, wangemwona amechukua kisicho chake, hata kama kazi ya uzio ni yake kweli. Hapo ndipo Nyerere anaposhinda. Mwekezaji anayejenga vyumba Matema ana haki kamili ya bei ya kitanda, ya samaki aliyekaangwa, ya miti aliyoipanda na usafi anaoulipia. Mchanga uliokuwepo kabla ya kazi hiyo hauhesabiki ndani ya bei.

Wanyakyusa wa zamani walikwenda mbali zaidi ya hapo, maana kwao hata shamba lililolimwa halikuwa la milele. Walikuwa wakiishi katika vijiji vya rika, vijana wa umri mmoja pamoja, na Wilson alivieleza katika kitabu chake cha 1951. Kila baada ya miaka thelathini na kitu ilifanyika sherehe ya ubusoka: kizazi cha wazee kilikabidhi utawala kwa wana wao, nchi ikagawanywa upya, na wazee wakasogea kando kuwapisha. Fikiria uzito wake. Mtu mwenye nguvu bado alijua tangu ujanani kwamba siku ya kupisha ipo.

Ufukwe wenyewe una ubusoka wake. Kuanzia mwaka 1915 hivi hadi 1935 Ziwa Nyasa lilikuwa limeshuka kiasi kwamba maji hayakutoka kwenda Mto Shire. Kufikia mwaka 1980 yalikuwa yamepanda mita kadhaa. Kwenye mchanga ulioinama kidogo tu, mita moja ya kimo inasogeza ukingo mbali sana. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za ukingo wa ziwa. Sheria nzuri, lakini mita hizo zinaanzia wapi? Jibu la Warumi, wimbi kubwa kuliko yote, lingewafaa sana maofisa wa Kyela: pimeni pale mwera mkali unapofikisha maji, wala msipime siku ziwa limetulia.

Wakoloni walichora bila kuuliza swali hilo. Mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa Julai 1, 1890 uliuweka mpaka kwenye ukingo wa ziwa, na Malawi inausimamia mpaka leo; Tanzania inasema mpaka ni katikati ya maji. Mvutano ulipopamba moto mwaka 2012, usuluhishi uliishia mikononi mwa marais wastaafu wakiongozwa na Joaquim Chissano wa Msumbiji. Kwa kuufuata mkataba ule neno kwa neno, mtoto wa Matema anayeoga hadi magotini yuko nchi nyingine, na mpaka husogea kila wimbi linapopanda na kushuka.

Mbali kaskazini, Finland ina fukwe za vilima vya mchanga, kama Yyteri karibu na mji wa Pori, zinazojaa watu Juni na Julai. Huko nchi kavu ndiyo inayopanda, kwa sababu barafu nzito ya kale iliyeyuka na ardhi bado inainuka: sehemu za Ghuba ya Bothnia huinuka karibu milimita tisa kwa mwaka, na bahari inaacha ardhi mpya. Wafini wanakubali umiliki binafsi wa ardhi kwa dhati. Hata hivyo desturi yao inampa kila mtu, mzawa au mgeni, haki ya kupita, kuoga na kuchuma matunda ya porini katika ardhi ya mwingine, asikaribie tu ua wa nyumba wala asiharibu. Nchi ya matajiri imeweza kuweka hati na njia pamoja. Kwa hiyo anayesema utalii hauwezi kustawi bila uzio ana kesi ngumu ya kujibu.

Lipo pingamizi lenye nguvu kuliko hilo: cha wote huharibiwa na wote. Nyavu za matundu madogo hukokotwa ufukweni na kuzoa samaki wachanga. Chupa za plastiki huachwa baada ya sikukuu. Kuni za kuchomea vyungu zinatoka mlima uleule unaoporomosha udongo mvua zikinyesha. Haya ni kweli, na jina la Mungu likitajwa bila wasimamizi haliyazuii. Lakini Pali Kyala ilikuwa na wasimamizi, ubusoka ulikuwa na taratibu, na Warumi walimruhusu mvuvi kibanda lakini si ngome. Kilicho cha wote kilidumu pale ambapo mtu fulani aliwajibika kukitunza bila kupewa ruhusa ya kukifunga.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaupa mkutano mkuu wa kijiji sauti katika ugawaji wa ardhi yake. Mwombaji wa kiwanja cha kando ya maji anaposimama mbele ya mkutano huo na ramani yake, anafaa kuulizwa, kabla ya idadi ya vyumba na ajira, njia inapita wapi: ya mama mwenye vyungu kichwani kutoka mtumbwini, ya wavuvi na nyavu zao, na ya watoto wanaokwenda kuoga. Jibu liandikwe kwenye ramani kwa upana wa mita, wenyeji wakaisimamie siku mawe ya mpaka yanapofukiwa.