Kaskazini au Kusini

Machi 13, 1989, gridi ya umeme ya Quebec, Kanada, iliporomoka kwa sekunde kama 90 hivi. Watu milioni sita wakabaki gizani kwa takriban saa tisa. Chanzo kilikuwa wingu la gesi yenye sumaku lililorushwa na Jua siku chache kabla.

Wingu la aina hiyo tunaliona likitoka. Tusichokiona ni uga wake wa sumaku umeelekea wapi. Ukielekea kaskazini, mara nyingi linapita tu. Ukielekea kusini, kinyume na uga wa Dunia pale yanapokutana, nyuga hizo mbili zinaungana na nishati inaingia kama mwizi aliyefunguliwa mlango. Jibu huja wingu linapozifikia setilaiti zilizo umbali wa kilomita milioni 1.5 kutoka kwetu. Hapo zimebaki dakika 15 hadi 60.

Darasani tulipewa data za miaka ya nyuma, zimekatwa kabla ya jibu: utangaze hatari au unyamaze? Nilitangaza. Uga ulikuwa wa kaskazini, wenzangu wakacheka. Zoezi lililofuata nikanyamaza. Kaskazini tena. Nikasifiwa kwa utulivu wangu.

Sifa ile bado inanikera. Sikujua lolote zaidi ya mara ya kwanza. Niliogopa kuchekwa tu.