Sentimita Moja ya Vienna

Tarehe 12 Septemba 2021, Derara Hurisa wa Ethiopia alimaliza wa kwanza katika marathoni ya Vienna, Austria, kwa saa 2:09:22. Leonard Langat kutoka nchi ya Kenya alifika sekunde tatu nyuma yake. Baada ya kilomita 42 na mita 195, sekunde tatu ni hatua chache tu za mkimbiaji, lakini ushindi ni ushindi. Hurisa akashangiliwa. Halafu waamuzi wakaviangalia viatu vyake.

Soli ilikuwa na unene wa sentimita 5. Kanuni za Shirikisho la Riadha Duniani ziliruhusu sentimita 4 katika mbio za barabarani. Kabla ya mbio Hurisa alikuwa ameandika kwenye fomu kwamba atavaa kiatu cha aina nyingine, kilicho halali. Barabarani akatokea na kile alichokuwa akifanyia mazoezi. Ushindi ukafutwa siku hiyo hiyo na Langat akawa bingwa. Wahenga walisema mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Tena huyo Hurisa hakuwa mgeni wa vituko vya viatu. Januari 2020 alishinda marathoni ya Mumbai, India, kwa saa 2:08:09, miguuni akiwa na viatu alivyoazima kwa mwenzake. Ndiyo maana kisa chake kinafundisha zaidi kuliko cha mtu aliyeshindwa mara moja. Viatu vya mwenzake vilimpa taji, viatu vyake mwenyewe vikamnyang'anya. Anayetoka salama kwa bahati huona kwamba kiatu ni kiatu tu, chochote kitafika. Kumbe kila kiatu kina kazi yake, na anayekimbia mbali sharti aijue kabla ya kufunga kamba.

Kiatu cha mazoezi ni cha kubeba mzigo. Anayejiandaa kwa marathoni hukanyaga makumi ya kilomita kila wiki, na kila hatua mguu hupokea kishindo kikubwa kuliko uzito wa mwili. Ndiyo sababu soli yake huwa nene, mpira wa chini mgumu, na kisigino kimeshikwa vizuri. Hakina haja ya kuwa chepesi sana. Kinachotakiwa ni kudumu na kukuacha na miguu mizima kesho yake. Kiatu cha mashindano ni kinyume chake: ni chepesi, kina sponji laini inayorudisha nguvu, mara nyingi na bamba la kaboni ndani, na uhai wake ni mfupi. Tigst Assefa wa Ethiopia alipokimbia Berlin mwaka 2023 kwa saa 2:11:53, kiatu cha aina aliyovaa kilitangazwa kuwa na gramu 138 tu, na mtengenezaji alikiuza kama kiatu cha mbio moja. Anayekivaa kiatu cha namna hiyo kila asubuhi anachoma pesa, na anayepeleka kile kinene cha mazoezi kwenye mashindano makubwa bila kusoma kanuni anaweza kupata alichopata Hurisa.

Sasa tuje kwetu Lubumbashi. Kijana wa komuni ya Kenya anayekimbia alfajiri, kabla jua halijawa kali na magari hayajajaa barabarani, hanunui kiatu cha gramu 138. Anakwenda soko la Kenya, anainama juu ya viatu vilivyokwisha kuvaliwa Ulaya, na jicho lake linakimbilia rangi na nembo. Hapo ndipo Vienna yake inapoanzia, kwa sababu muuzaji huosha kiatu na kubadilisha kamba, lakini sponji iliyokufa haoshi mtu.

Kwa hiyo usianze na nembo. Kiweke kiatu juu ya meza au sakafu iliyo sawa, ukitazame kwa nyuma. Kikiinama upande mmoja, mwenye kukivaa kwanza alikanyaga hivyo, nawe utalazimishwa kukanyaga kama yeye hadi goti likuume. Bonyeza sponji ya pembeni kwa kidole gumba: ikiwa ina mikunjo mingi na hairudi, imekwisha kama godoro kuukuu, hata kama juu kinang'aa. Viatu vingi vya mazoezi huchoka kati ya kilomita 500 na 800, na hakuna anayekuambia ulichonunua kimekwisha kwenda ngapi. Kunja sehemu ya mbele uone kama gundi imeachia. Toa soli ya ndani. Alama ya vidole vya mtu mwingine ikiwa imezama sana, kiache. Kisha vaa viatu vyote viwili, simama, na ubakize nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya kidole kirefu, kwa kuwa mguu huvimba katika safari ndefu. Afadhali ununue jioni, mguu ukiwa umetembea mchana kutwa.

Usijidanganye kwamba haya ni ya maskini wa viatu peke yao. Tarehe 27 Septemba 2015 mkimbiaji mashuhuri Eliud Kipchoge alikimbia Berlin na viatu vya majaribio, na mapema kabisa katika mbio soli za ndani zikaanza kuchomoka na kupigapiga nje ya visigino. Alishinda kwa saa 2:04:00, mguu ukitoka damu na malengelenge. Rekodi ya dunia wakati ule ilikuwa 2:02:57, ya Dennis Kimetto, iliyowekwa mwaka mmoja kabla katika mji huo huo. Kipchoge alikuwa na kampuni nzima nyuma yake. Wewe una faranga zako na magoti yako.

Funzo, basi, halihitaji pesa nyingi. Ukiweza, uwe na jozi mbili: moja ya kumalizia kilomita za wiki, nyingine ya siku ya mbio. Hiyo ya mbio ivae kwanza katika mazoezi marefu, pamoja na soksi zile zile, mpaka ujue inakubana wapi na inakuchubua lini. Ukiwa na jozi moja tu, basi usiibadilishe wiki ya mashindano kwa sababu rafiki ameleta mpya kutoka ng'ambo. Soma kanuni za mbio unazoingia. Na usiku wa kuamkia mashindano, weka mlangoni jozi utakayovaa, uiondoe nyingine machoni, ili asubuhi haraka isikuchagulie kiatu.