Fundi Asiyeulizwa

Minneapolis, katika jimbo la Minnesota huko Marekani, pana kikundi cha michezo ya kuigiza ya watoto ambacho kwa miaka mingi kilitajwa kuwa mfano wa kuigwa. Jina lake ni Children's Theatre Company. Kilianza mwaka 1965, kikiwa kimechipuka kutoka kikundi kidogo zaidi kilichoitwa Moppet Players, nacho kikapata hifadhi katika makumbusho ya sanaa ya mji huo. Kufikia 1974 kilikuwa na jengo lake, lililochorwa na Kenzo Tange, msanifu majengo mashuhuri wa Japani. Si kila siku fundi wa hadhi hiyo huitwa kuwajengea watoto ukumbi.

Aliyekipa kikundi sifa hizo ni John Clark Donahue, mwandishi na mwongozaji wa michezo. Kwake mchezo wa watoto haukuwa vichekesho vya kupotezea muda. Maleba, muziki, taa na mandhari ya jukwaa, vyote vilitakiwa vifikie kiwango ambacho mtu mzima angelipia bila kunung'unika. Tena palikuwa na shule humohumo: vijana waliopata mafunzo ya sanaa, kisha wakapanda jukwaani bega kwa bega na waigizaji wa kulipwa.

Hapa ndipo pa kutulia. Jambo lililokikuza kikundi ndilo lililowaacha watoto bila kinga. Mzazi gani asingefurahi kuona mwanawe anahesabiwa msanii kamili? Lakini mtoto anayehesabiwa mtu mzima jukwaani, upesi huanza kuchukuliwa hivyo hata pazia likishafungwa. Mipaka hulegea, na kulegea kwenyewe huitwa moyo wa kisanii. Juu ya hayo, mtu mmoja ndiye aliyeshika usukani wa shule na wa jukwaa pia. Yeye ndiye mwenye neno la mwisho kuhusu nani apewe nafasi na nani asifiwe mbele ya wenzake. Mtoto wa miaka kumi na mitatu hahitaji kufundishwa hesabu hiyo. Anajua kwamba akifungua mdomo, nafasi yake itakwenda kwa mwingine.

Aprili 1984 Donahue alikamatwa. Alikiri kuwadhalilisha kingono wavulana watatu, akatumikia kifungo kisichofika mwaka. Wapo walioshtuka, na wapo ambao hawakushtuka, kwa kuwa minong'ono ilikuwa imezunguka mjini miaka mingi.

Kuna wanaokisimulia kisa hiki kama cha mbwa mwitu mmoja aliyejipenyeza zizini. Simulizi hiyo inawafariji wenye zizi, nami siikubali. Kesi zilizokuja baadaye hazikumtaja Donahue peke yake. Zilitaja watu wazima wengine, na miongoni mwa walioumizwa walikuwamo wasichana pia. Mlango uliachwa wazi, na aliyeuacha wazi si mmoja.

Nasi tuna kwaya zetu, vikundi vya sarakasi, akademia za soka na walimu wa maigizo ambao wazazi huwasifu hadi misibani. Kabla ya kumkabidhi mtoto, uliza ni nani anayeweza kumwachisha kazi mwalimu huyo. Ukijibiwa kwamba hakuna, kwani bila yeye kikundi kitakufa, umekwisha kuiona hatari, hata kama mwalimu mwenyewe ni malaika. Uliza pia mtoto akidhuriwa atamwambia nani, mtu ambaye si yule anayegawa nafasi. (Ukiambiwa “sisi hapa ni familia moja”, rudia swali.)

Kikundi cha Minneapolis hakikufa. Kilipata viongozi wapya, na mwaka 2003 kikawa cha kwanza miongoni mwa vikundi vya watoto kutunukiwa tuzo ya Tony ya majumba ya maigizo ya mikoani. Waliodhuriwa nao walikuwa wamekua, wengi kimya, kwa sababu muda wa kisheria wa kudai haki ulikuwa umewapita. Mwaka 2013 Minnesota ilipitisha sheria iliyowafungulia dirisha la miaka mitatu, hadi Mei 2016. Kesi zikaja.

Mapema 2019 jopo la mahakama lilimwamuru mwalimu mmoja wa zamani amlipe mwanamke aliyekuwa mwanafunzi wake siku zile mamilioni ya dola. Kikundi chenyewe kilionekana kuwa kilizembea, lakini hakikuamriwa kulipa fidia. Kingeweza kuishia hapo. Badala yake, kiliomba mwanamke huyo alipe gharama zake za mahakama. Mji ukachachamaa, na walionusurika pamoja na wenzao wakahimiza watu wasinunue tiketi. Kabla mwaka huo haujaisha, kikundi kilikuwa kimeketi na walalamikaji na kuafikiana nao.