Kamati ya zahanati ni shura, Waislamu tusiipuuze

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Maswahaba zake.

Ndugu zangu Waislamu, leo naanza kwa kujisema mwenyewe kabla sijamsema mwingine. Mimi ni mwalimu wa maarifa ya Uislamu hapa Mpanda. Miaka michache iliyopita wananchi walinichagua kuwa mjumbe wa kamati ya usimamizi ya zahanati moja nje ya mji. Hoja yao ilikuwa moja tu, kwamba ustadhi hawezi kula pesa. Ni kweli, senti ya zahanati sikuila. Lakini amana niliivunja kwa njia nyingine.

Kikao cha kupanga matumizi kiliitishwa asubuhi, msimu wa palizi. Wajumbe wanawake hawakufika, walikuwa mashambani. Likaletwa pendekezo la kupaka rangi jengo na kununua viti vya ofisi. Hakuna aliyeuliza swali. Mimi nilikuwa nawahi kipindi darasani, nikaweka sahihi, nikaondoka.

Wiki chache baadaye nilikwenda kumpa hongera jirani aliyejifungua katika zahanati ile ile. Mama mkwe wake akanitazama, akasema: "Ustadhi, mwanangu, viti mmenunua vizuri. Lakini usiku ule nilibeba ndoo tatu kutoka kisimani ndipo mkwe wangu akapata maji ya kujisafisha. Na mvua ilikuwa inanyesha!"

Nilikosa la kumjibu. Bati la zahanati lilikuwa linamwaga maji ya mvua chini usiku kucha, halina gata wala tenki, na bibi wa watu anakwenda kisimani gizani. Nimeingia katika zahanati ile mara nyingi, nimekaa katika vikao vyake, na jambo hilo sikuwa nimeliona. Yule bibi alikuwa analijua miaka yote. Hakuna aliyemuuliza.

Ndugu msomaji, Allah (S.W.) katika Suratu Shura (42:38) anawataja waumini kuwa ni watu ambao mambo yao huendeshwa kwa kushauriana. Tazama sifa hiyo ilivyowekwa: imetajwa baada ya kusimamisha swala na kabla ya kutoa katika riziki. Sisi swala tumeishika, sadaka tunajitahidi, lakini shura tumeiachia viongozi wa msikiti wakati wa kugombea uongozi!

Hebu tukumbuke safari ya Umar bin Khattab (R.A.) kuelekea Sham. Alipofika mahali paitwapo Sargh alipewa habari kwamba tauni imeingia nchini humo. Hilo lilikuwa suala la afya, tena la kufa na kupona. Umar alikuwa Khalifa na angeweza kutoa amri peke yake. Lakini aliwaita Muhajirina, wakatofautiana. Akawaita Ansari, nao wakatofautiana. Akawaita wazee wa Kikuraishi, wakakubaliana kwamba watu warudi. Ndipo akaja Abdulrahman bin Auf (R.A.), ambaye hakuwepo katika mashauriano kwa sababu ya haja yake, akaeleza aliyoyasikia kwa Mtume (S.A.W.): tauni ikiwa katika nchi msiingie, na ikiwakuta humo msitoke kwa kuikimbia. Umar akamhimidi Allah.

Mazingatio ni haya: mwenye elimu iliyohitajika ndiye aliyekuwa hayupo kikaoni. Kama angenyamaza kwa kusema "wakubwa wameshaamua", umma ungekosa hoja ile. Katika kikao chetu cha zahanati, Abdulrahman bin Auf wetu alikuwa yule bibi mwenye ndoo.

Wapo wanaosema haya ni mambo ya serikali. Hapana. Katiba yetu, ibara ya 146, inaeleza kuwa serikali za mitaa zimewekwa ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Kamati hizi zina wajumbe wanaotokana na jamii, na mganga mfawidhi ndiye katibu wake. Kazi yake ni kujadili mpango na bajeti ya kituo na kufuatilia mapato na matumizi. Na tangu mwaka wa fedha 2017/18, fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya zilianza kupelekwa moja kwa moja katika akaunti za vituo, badala ya kuishia halmashauri. Maana yake ni kwamba uamuzi wa gata au viti umesogezwa hadi mlangoni kwetu. Tukilala, tutamlaumu nani?

Sikatai kuwa kuna ugumu. Zipo kamati zinazoitwa kutia sahihi tu. Fedha huchelewa, na mpango wa kijiji ukifika juu unaweza kupunguzwa. Lakini anayelalamika kwamba hasikilizwi ajiulize kwanza: mkutano mkuu wa kijiji uliopita alikuwa wapi?

Kwa hiyo nawausia, nikianza na nafsi yangu. Kwanza, tuhudhurie mikutano ya kijiji na mtaa, na taarifa ya mapato na matumizi ikisomwa tuulize kwa adabu bila kuogopa. Pili, tunapochagua mjumbe tusitazame kilemba. Uaminifu wa kutokuiba hautoshi, anatakiwa mtu atakayewauliza watu kabla ya kikao na kuwarudishia majibu baada ya kikao. Tatu, vikao viwekwe saa ambayo akina mama wanaweza kufika. Wao ndio wanaojifungua humo, na ndio wanaobeba watoto wenye homa kuwapeleka. Nne, maimamu watangaze mikutano hii baada ya swala kama wanavyotangaza maulidi.

Sisi tulisogeza kikao kikawa jioni, baada ya swala ya Alasiri. Akina mama wakaja wengi kuliko wanaume, na jambo la kwanza walilolitaja lilikuwa maji. Gata likawekwa, tenki likafuata baadaye, na vijana walijitolea kujenga msingi wake bila malipo. Rangi ya ukuta imeshaanza kubanduka. Maji yapo.

Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga. Siku hiyo sitaulizwa kuhusu zahanati za nchi nzima. Nitaulizwa kuhusu ile niliyoitilia sahihi bila kuuliza. Allah atusamehe na atuwezeshe kuzitekeleza amana zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.