Futa Hiyo

Mswada wa mita ya intaneti ulitufikia Mishomoroni ukiwa tayari ni mzaha. Mwaka 2025 mbunge wa Aldai, Marianne Kitany, alipeleka Bungeni pendekezo la kurekebisha sheria ya mawasiliano ili kampuni za intaneti zimpe kila mteja namba yake ya mita, matumizi yake yapimwe, na bili itoke kwa kipimo hicho. Hapo maskani kwetu hakuna aliyeusoma. Sisi tulisikia mita, na mita tuijuayo ni ya stima. "Kwa hivyo sasa tutanunua tokeni za TikTok," mmoja akasema. Mwengine akataka kujua kama mtu aweza kujiunganishia kwa jirani usiku. Tulicheka mpaka mzee wa kahawa akatukumbusha kwamba kuna watu wanalala.

Halafu kijana mmoja wa bodaboda, mtu ambaye kwa kawaida humtoi neno ila kuhusu mpira, akasema, "Wapime, wasome, watazame mpaka macho yawaume. Mimi sina cha kuficha."

Hakuna aliyembishia. Mimi pia sikumbishia, ingawa nilikuwa na jambo la mwaka uliotangulia lililokuwa limenikaa kooni. Nilimaliza kahawa yangu nikaenda zangu.

Nisiwe mnafiki, hoja ya yule kijana si ya kijinga. Mwaka juzi mamangu alinyang'anywa simu na vijana wa panga, magharibi haijaingia vizuri, akitoka kwa fundi wa nguo. Usiku ule ungeniambia kuna mtambo unaoona kila simu Kenya nzima, ningekwambia uwashe. Na hata bila ya hasira za mwana kwa mamake, sote twakumbuka Januari 2019, hoteli ya DusitD2 Nairobi iliposhambuliwa na watu 21 wakauawa. Wachunguzi walifuata simu na pesa zilizotumwa kwa simu. Mtu akisema kazi kama ile isifanywe, mimi simo.

Lakini ya simu ya mamangu nimalizie. Tulikwenda kituo kimoja, tukaandikisha, tukaambiwa turudi. Tuliporudi tukaulizwa kama tuna chochote cha mafuta ya gari. Simu haikupatikana mpaka leo. Kila mtu hapa mtaani ana kisa kama hicho, na kila mtu anajua upande wake wa pili: simu iliyomsema mkubwa hupatikana kabla kahawa haijapoa. Juni 2025 Albert Ojwang, mwalimu, alichukuliwa kwao Homa Bay kwa sababu ya maneno ya mtandaoni kuhusu naibu wa Inspekta Jenerali wa polisi, akasafirishwa mpaka Nairobi, akafia mikononi mwa polisi. Siku chache kabla yake Rose Njeri alikamatwa kwa kutengeneza tovuti ya kuwasaidia wananchi kutuma maoni yao kuhusu Mswada wa Fedha. Maoni, jamani, kitu ambacho Bunge lenyewe huomba. Kwa hivyo macho yapo. Tatizo ni kwamba yanapoangalia, hayamtafuti aliyemnyang'anya mamangu.

Na bado sidhani hapo ndipo kijana wa bodaboda anapokosea. Ukimwambia "leo huna cha kuficha, kesho utakuwa nacho," atakujibu kwamba kesho ni ya Mungu. Tena sisi watu wa huku tumezoea kuwa wazi. Ukitoa pesa kwa wakala, jina lako, namba ya kitambulisho na ya simu zinakaa kwenye daftari ambalo kila anayekuja baada yako analisoma akisubiri zamu. Dadangu ametongozwa na mtu aliyetoa namba yake kwenye daftari hilo. Ukiingia jengo lolote mjini, kitambulisho chako kinabaki kwa bawabu ndani ya kikopo. Mwaka 2023 Wakenya walipiga foleni KICC kupigwa picha za mboni za macho na Worldcoin, kwa kitu cha thamani ya kama shilingi 7,000. Waliowacheka walikuwa na kazi. Kodi ya chumba ikiwa imefika na mwenye nyumba yuko mlangoni, mboni za macho ni kitu gani? Ningekuwa Nairobi wiki ile ningepanga foleni na mimi. Naandika kwa vipande, nalipwa kwa vipande, na chuo niliacha mwaka wa pili kwa sababu hiyohiyo ya ada.

Kuna kumbukumbu nyingine lakini, ambayo Nairobi hawana, au hawakuwa nayo mpaka juzi.

Novemba 2014, nikiwa kidato cha kwanza, polisi waliingia msikiti wa Swafaa na wa Minaa huku Kisauni, siku mbili tatu baada ya kuingia Musa na Sakina. Mwezi uliofuata ikatiwa saini sheria ya kurekebisha sheria za usalama, yenye kifungu cha kuviruhusu vyombo vya usalama kunasa mawasiliano kwa ajili ya kuzuia ugaidi. Februari 2015 Mahakama Kuu ilifuta vifungu vinane vya sheria ile. Hicho cha kunasa mawasiliano kilibaki. Mimi sikujua lolote la vifungu. Nilichojua ni kwamba kaka zetu wakubwa walianza kutushika mikono. Ukiwa na hotuba ya sheikh fulani kwenye simu, unaambiwa, "Futa hiyo." Picha uliyopigwa na fulani kwenye harusi, na fulani haonekani wiki ya pili sasa: "Futa hiyo." Hakuna aliyeeleza, na hakuna aliyeuliza. Wengine walijifunza kuendesha baiskeli mwaka ule, sisi tulijifunza kufuta.

Ndio maana ilipofika Juni 2024, vijana wa Nairobi wakaanza kuchukuliwa majumbani kwa sababu ya Mswada wa Fedha, wakaanza kuulizana kwenye X simu zao zinafuatwaje, kuna sehemu yangu, tena si sehemu nzuri, iliyosema: karibuni. Mlikuwa wapi tulipokuwa tunafuta? Disemba ya mwaka ule Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilihesabu visa 82 vya watu kutekwa tangu Juni, 29 kati yao hawajulikani walipo. Oktoba gazeti la Nation lilikuwa limechapa uchunguzi wa jinsi polisi wanavyopata data za simu za watu, na kampuni ya simu iliyotajwa ikakanusha. Ghadhabu ilikuwa kubwa. Huku kwetu watu walisoma kichwa cha habari, wakasema "Nao wamejua leo?", wakaendelea na mbaazi zao.

Jambo langu liko katikati ya miezi hiyo.

Nina rafiki. Sitamtaja, na mambo mengine kumhusu nimeyabadilisha. Alikuwa kwenye maandamano mjini, lakini hasa alikuwa mtu wa kuandika mtandaoni, anafafanua kodi moja moja kwa Kiswahili cha mtaani ili hata mama wa viazi karai aelewe. Siku moja ya Julai alichukuliwa na watu wasiovaa sare. Habari ilinifikia saa tano asubuhi. Kabla ya adhuhuri nilikuwa nimeshafuta namba yake, kundi letu la WhatsApp, picha, na mazungumzo yetu yote ya miaka mitatu. Sikufikiri. Mkono ulifanya wenyewe kazi uliyofundishwa mwaka 2014. Kisha nikakaa kitandani na simu safi, kama mtu aliyetoka kuoga.

Kwenye darasa moja la falsafa nililowahi kulipia tulisoma habari za Bentham na gereza lake la kuchora la mwaka 1791: mlinzi mmoja katikati, wafungwa wamezunguka, hakuna anayejua lini anaangaliwa, basi kila mmoja anajilinda mwenyewe. Nilifaulu swali hilo kwenye mtihani. Baadaye nilikuja kusoma utafiti wa Jonathon Penney, uliotoka 2016, aliyeangalia makala 48 za Wikipedia zinazogusa mambo ya ugaidi, kabla na baada ya Edward Snowden kufichua mwaka 2013 jinsi Marekani inavyofuatilia mitandao. Baada ya habari ile wasomaji wa makala hizo walipungua. Sidhani waliokimbia walikuwa magaidi. Pengine ni wanafunzi, waandishi, watu waliotaka tu kuelewa jambo. Nilipofika hapo niliona mkono wangu mwenyewe ukifuta.

Rafiki yangu aliachwa siku ya nne, barabarani, usiku, bila simu. Alikuja kwetu akiwa amevaa kandambili za mtu mwengine. Alichonieleza sikukitarajia. Hawakumuuliza sana alilofanya. Walifungua simu yake, wakaanza: huyu ni nani? Na huyu? Mbona huyu unamtumia pesa kila mwezi? Huyu mwanamke anayekutumia sauti za usiku ni nani yako? Jina moja baada ya jengine. Walifika kwangu. "Nikawaambia huyo ni mtu wa kuandika hadithi za samaki," akasema, akacheka kidogo. "Nikawaambia hata chuo hakumaliza."

Hapo ndipo nilipoanza kuona kosa la ile sentensi ya maskani. "Sina cha kuficha" ni maneno ya mtu anayedhani simu ni yake. Simu yangu ina namba za mamangu na deni lake la chama. Ina ujumbe wa dadangu alionitumia usiku alioachwa na mumewe. Ina picha ya cheti cha hospitali cha mtu aliyeniomba nimsomee Kiingereza chake, kwa sababu mimi ndiye "msomi" wa nyumba zile tatu. Mimi nikisema wasome, sijajifungulia mimi. Nimewafungulia hao mlango nyuma ya migongo yao, na wao hawajui kama mlango upo.

Katiba ya 2010 inaliita jambo hili faragha, kifungu cha 31. Ni neno zuri lakini sijalisikia kwa mzee wa kahawa hata siku moja. Linaninukia makaratasi, linanipa picha ya mtu mmoja aliyejitenga chumbani. Neno letu ni stara. Na stara ina kitenzi chake, kusitiri, ambacho mara nyingi kinamtafuta mtu wa pili: namsitiri jirani, nimsitiri mgeni, Mungu atusitiri. Kujificha unaweza peke yako. Ukimsitiri mtu, unakijua cha kwake na umekifunika. Ndio maana tuna hodi, mara tatu, na usipoitikiwa unarudi ulikotoka hata kama unasikia sufuria zikigongana ndani. Mwenye nyumba si lazima awe anafanya uovu. Huenda bibi yake hajajifunika kichwa, au wanakula ugali mkavu na hawataki uone.

Ukiitazama kwa hodi, hata lile suala la Dusit halinitatizi kama zamani. Kuna siku hodi haisubiriwi, nyumba ikiwaka moto utavunja mlango. Lakini anayevunja hutoa sababu mbele za watu, na huulizwa kesho yake. Sheria ya kuzuia ugaidi ya 2012 yenyewe ilimtaka afisa wa polisi aende kwanza Mahakama Kuu akaombe amri kabla ya kunasa mawasiliano ya mtu. Hiyo nayo ni aina ya hodi, hata kama mwenye nyumba haisikii. Cha kutisha ni mgeni aliyekaa ndani tangu zamani, hujui aliingia lini, na akikuudhi hujui umwambie nani amtoe.

Haya yote nilikuwa nayo usiku ule wa mita, nikayameza. Ningeanzia wapi? Ningemwambia kijana wa bodaboda kwamba mtu aliyeminywa siku nne alinisitiri, na mimi niliyekuwa kitandani kwangu, bila ya mtu kuniuliza lolote, nilikuwa nimemfuta?

Maana sijasema ya mwisho. Wiki mbili baada ya kuachwa, rafiki yangu alipata simu nyingine, ya batani. Alinifuata maskani akaniuliza polepole kama zile sauti za babake bado ninazo. Babake alikuwa mvuvi hapa kwenye mkono wa bahari, alifariki mwaka mmoja kabla. Niliwahi kuandika makala kuhusu mikoko, na rafiki yangu akanitumia rekodi za mzee akieleza jinsi ya kushona wavu uliochanika, jinsi ya kujua maji yamegeuka kwa kuangalia mizizi. Kama dakika kumi na moja kwa jumla. Katikati mzee anasimama, anamwita mjukuu, anaendelea. Zake zilikwenda na simu yake. Hakuwahi kuweka nakala kokote.

Nilimwambia zilipotea. Nikanyamaza, kisha nikamwambia hazikupotea, nilizifuta, saa tano na kitu, siku ile.

Alitazama kikombe chake. Akamwita mzee wa kahawa, akaagiza viwili, na kashata.